Tisini na Nne

Intaneti ikiwa mbovu nyumba nzima, mtu analalamika na wenzake, mambo yanakwisha. Ikiwa mbovu kwako peke yako, na wewe ndiye unayeilipia, hapo roho inauma.

Nalipia megabiti 200 kwa sekunde. Ruta iko sebuleni, inapoingilia faiba. Chumba cha nyuma, ninakofanyia kazi, nimeweka kisanduku cha pili cha meshi, na kati ya viwili hivyo umepita waya pembezoni mwa ukuta, kwa sababu kuta zetu za matofali ya saruji zinameza mawimbi, hasa yale ya gigahezi 5. Kompyuta nayo nimeichomeka kwa waya kwenye kisanduku hicho. Sasa, binti yangu akijilaza kwenye kochi na simu yake, hewani tu, anapata 180. Mimi niliyejifunga nyaya mwanzo hadi mwisho napata 94. Alfajiri 94. Usiku wa manane 94. Mtaa mzima ukitazama mpira, 94.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea dada mwenye sauti ya asali. "Mpendwa mteja, zima kifaa, subiri kidogo, kisha washa." Nikazima, watoto wakapiga ukunga, nikawasha, 94. Akaniuliza kama nimekaa mbali na ruta. Nikamwambia dada, natumia waya. Akatafakari. "Basi mpendwa mteja, jaribu kusogea karibu."

Jirani yangu mstaafu yeye ana jibu moja. Tangu tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini huko upande wa Afrika Kusini, na sisi Tanzania tukabaki tunahangaika, kila kitu kinachochelewa, hata salio la luku, kwake ni mkongo wa baharini. Ningependa kujua ni mkongo gani huo unaokatika unapofika mlangoni pa chumba changu.

Shemeji ndiye aliyenimaliza. Alisimama nyuma ya kiti changu nikishusha faili, akaona 11 na nukta kadhaa kwenye kioo, akaguna: "Unalipia 200 wanakupa 11? Shemeji, unaibiwa!" Nikamweleza kwamba ile ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo 94 ukiigawanya kwa nane unapata hiyo hiyo 11 na ushee. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtetea mwizi wake.

Fundi akaja, akautazama waya kwa dharau. "Bosi, hii Cat5e, mambo ya kizamani. Weka Cat6." Cat5e inabeba megabiti 1,000 hadi mita 100, na nyumba yangu, hata ukiiongezea banda la kuku, haifiki nusu ya urefu huo. Alipoona sitoi pesa akakumbuka kwamba ana kazi nyingine.

Na jibu lilikuwa kwenye namba yenyewe! Msongamano ungepanda na kushuka, mchana hivi, usiku vile. Namba inayoganda mahali pamoja ina dari juu yake. Dari hilo ni 100, na zile sita zinazopungua ni vifungashio vya data njiani. Ndani ya waya wa mtandao mna nyaya nane, jozi nne. Megabiti 100 zinaridhika na jozi mbili. 1,000 zinataka zote nne. Uzi mmoja tu ukikatika kwenye zile jozi mbili za ziada, vifaa viwili vinapatana kimyakimya kushuka hadi 100, bila hata kuwasha taa nyekundu ya kukuonya.

Nikachukua kompyuta, nikaichomeka kwenye ruta sebuleni kwa waya mfupi: 190 na kitu. Kumbe dada wa asali hana kosa. Nikaenda nyuma, nikachomoa ncha ya waya mrefu kwenye kisanduku na kuitia moja kwa moja kwenye kompyuta. Mipangilio ikaandika: 100. Nikakagua vichwa vyote viwili, maana kuna mafundi wanaobana nyaya nne na kuziacha nne zikining'inia. Zote nane zilikuwemo. Basi nikapiga magoti na tochi, nikaufuata waya ukutani, hadi ulipoingia chini ya kabati na kukandamizwa na mguu wake wa nyuma.

Si kabati la hivihivi. Ni mninga wa Tabora, zawadi ya mama mkwe, na halijasogezwa tangu liwekwe.

"Unataka kusema kabati la mama ndilo linakata intaneti?" akauliza mama watoto, kwa ule upole wake wa hatari. Nikasema hapana, waya ndio uliojipeleka chini ya mguu.

Nikanunua waya mpya, Cat5e ileile, nikaupandisha juu ya fremu ya mlango na kuuzungusha kabati kwa juu, vibanio kila hatua. Chumba cha nyuma kikasoma 190. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyepongeza. Jumamosi mama mkwe akaja, akaketi, akapokea chai, kisha macho yakapanda taratibu hadi juu.

"Mwanangu, huu waya unaliharibia kabati sura. Kwa nini usiupitishe chini yake?"