Keateka Ndiye Refa

Mtoto wa London husubiri kiangazi. Mtoto wa Umoja, Kayole au Buruburu husubiri Agosti, na Agosti ya Nairobi haina jua la kujivunia. Mawingu yaliyoingia Juni bado yamekaa juu ya Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa jiji, bila dalili ya kuhama, na sweta ya shule huvaliwa hata likizoni kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 2025 shule zilifungwa tarehe 1 Agosti zikafunguliwa tarehe 25. Kwa mwalimu, hizo wiki tatu ni za kuvuta pumzi. Kwa mtoto, ni kufumba na kufumbua. Kwa mama mwenye wana watatu katika bedsita ya ghorofa ya nne, saa zimegoma.

"Mathe, tumeboeka," husikika Jumatatu ya kwanza, hata vikombe vya chai havijaoshwa.

Kinga ya kwanza ya mzazi ni televisheni. Inafanya kazi vizuri mpaka mmoja aifiche rimoti, wa pili aipate, na wa tatu atoroke na betri. Halafu tokeni za stima, zilizonunuliwa zitoshe wiki nzima, zinakata Jumatano. Uchunguzi unaonyesha kwamba katuni hazikula peke yake: kuna mtu alikuwa akichemsha bano kwenye birika la stima aone kama zitapasuka. Hapo ndipo inapotoka ile amri ambayo kila mzazi wa Eastlands aliisikia kwa mamake: "Tokeni nje mkacheze!"

Amri ni rahisi. Kazi ni kuipata hiyo nje.

Zamani ilikuwepo. Walioijenga Kaloleni miaka ya 1940 walipanga nyumba fupi kuzunguka viwanja vya nyasi, wakaweka ukumbi katikati. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970 na kukamilishwa kwa awamu tano, ilipangwa kwa koti, nyumba zikitazamana na uwazi ukibaki katikati kwa ajili ya watoto na majirani. Kisha watu wakaongezeka, na kila mmoja naye akaongeza chake. Mwenye nyumba akasogeza ukuta, akapandisha ghorofa, akafungua duka mbele. Mwenye gari akaegesha palipobaki. Mama mboga akajipenyeza kati ya duka na gari. Kule Pipeline, maghorofa yanakaribiana hivi kwamba jirani anaweza kukupitishia chumvi dirishani. Huko, "nje" ni sehemu tatu tu: kolido, ngazi, na paa la kuanikia nguo. Paa lina kufuli na ufunguo anao keateka, msimamizi wa jengo. Ngazi ni njia ya mitungi ya maji. Basi ligi huchezwa kolidoni.

Uwanja huo una kanuni zake. Goli moja ni mlango wa choo, la pili ni mlango wa mama anayepika nje kwa jiko la makaa. Ofsaidi haitambuliwi. Mpira ukivuka vyuma vya kolido, aliyeupiga huufuata ghorofa zote hadi chini, akiomba njia nzima kwamba haujatua kwenye karai la mtu.

Mpira wenyewe una historia. Kizazi cha wazazi kilishona wake kwa majuala: juala ndani ya juala, kamba juu yake, na duara likatoka. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, adhabu ikifika hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Utekelezaji uliwalenga kwanza watengenezaji na wauzaji, lakini kiwanda cha kwanza kukosa malighafi mtaani kilikuwa kile cha mipira. Tangu hapo soksi za baba hazina usalama. Mjuzi hachukui jozi nzima. Huchukua mguu mmoja kutoka kila jozi, akiamini wizi wa namna hiyo hautaonekana. Anashindilia matambara, anazungusha uzi uliochomolewa kwenye gunia, anavuta soksi juu na kufunga fundo. Ukiona mama anatafuta stokingi yake iliyopotea, ujue wasichana nao wamejitengenezea mpira wa kuchezea mchezo wa kati.

Sasa, mpira wa soksi ukiingia kwenye sufuria haudundi. Unazama. Katika ploti moja ya Umoja, Agosti ya 2025, mkwaju wa mbali ulimpita kipa, ukapita na goli lenyewe, ukatua katikati ya githeri iliyokuwa juu ya jiko tangu asubuhi. Keateka akaitwa. Yeye siku za kawaida hukusanya kodi na kufungulia maji. Likizo ikifika anapewa pia urefa na ujaji. Akakiopoa kielelezo kwa mwiko, akakiinua juu kikitiririka mchuzi.

"Mama watoto, hii si soksi ya mzee wako?"

"Ya mzee iko kwa nyumba."

"Iko moja."

Mama hakukata rufaa. Mshtakiwa, mpigaji wa mkwaju, ndiye aliyejaribu, kwa hoja ambayo kila mvulana wa Eastlands anaijua kwa moyo: hata Wanyama alianza hivi. Hoja yenyewe haina uongo mwingi. Victor Wanyama na kaka yake McDonald Mariga walikulia Muthurwa, kwenye nyumba za shirika la reli. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010; mdogo wake alichezea Celtic, Southampton na Tottenham. Keateka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Basi githeri utalipa na pauni." Mpira ukaingia mfukoni mwake, ukakaa pamoja na ufunguo wa paa.

Baada ya kesi kama hiyo mzazi hukumbuka tuisheni. Hapo anagonga ukuta wa serikali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au vyote viwili. Kwa hiyo masomo yenyewe yamehamia sebuleni kwa mwalimu jirani, pazia likiwa limevutwa na viatu vya watoto vikiwa vimeingizwa ndani ili visihesabiwe mlangoni. Watoto wasioweza kukariri jedwali la saba wanaijua sheria hii vizuri. "Mum, utashikwa," humwonya mzazi kwa sauti ya huruma, huku wakilirudisha begi chini ya kitanda.

Kisha kuna kibanda cha PS, yaani michezo ya PlayStation, chumba cha mabati chenye skrini, benchi na giza la makusudi. Mtoto aliyetumwa unga hupotelea humo na baki. Akirudi, unga upo, baki halipo, na maelezo ni kwamba bei imepanda. Siku hizi bei hupanda kweli, kwa hiyo mama hana pa kumshikia.

Lakini si kila kinachojaribiwa huharibika. Huko Mathare, chama cha michezo cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Mkanada Bob Munro, kiligundua ujanja uliowashinda wazazi: timu inayotoka kuzoa taka za mtaa huongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Kutoka hapo ikazaliwa klabu ya soka ya Mathare United, mabingwa wa Kenya mwaka 2008. Mzazi huumia anapoona matokeo. Mvulana ambaye nyumbani huruka ndoo ya taka iliyojaa bila kuiona anaamka alfajiri, anachukua reki, na kuzibua mtaro wa watu asiowajua kwa sababu timu yake iko nafasi ya tano.

Ukishuka Makadara na Kaloleni zipo maktaba, matawi ya Maktaba ya McMillan ya jijini yaliyofufuliwa na Book Bunk, shirika lililoasisiwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Huko mtoto wa kolido hukutana na maajabu mawili kwa pamoja, nafasi na ukimya, na mara ya kwanza havimkai vizuri. Anageuza kurasa za kitabu chenye picha za papa, anauliza swali kwa sauti aliyozoea kutumia kuita mtu kutoka ghorofa ya chini, na ukumbi mzima unamgeukia. Kesho yake anarudi na wenzake. Anapoingia nyumbani jioni bila jeraha, bila kesi na nguo zikiwa safi, mama humshika paji la uso aone kama ana homa.

Agosti ya 2025 ilikuwa na msaidizi asiyetarajiwa: CHAN, mashindano ya soka ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani. Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa mashindano hayo kwa pamoja, na Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, wakaamua kushinda. Tarehe 10, wakiwa wamebaki watu 10 uwanjani Kasarani, waliilaza Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam. Kuanzia kesho yake asubuhi kila kolido lilikuwa na Ogam sita na halikuwa na beki hata mmoja. Wazazi walipata saa mbili za utulivu kila Kenya ilipocheza, zikifuatwa na saa nne za marudio ya moja kwa moja nje ya mlango.

Robo fainali iliangukia Ijumaa tarehe 22, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Kenya ikatoka 1-1 na Madagascar, ikalala 4-3 kwa penalti. Eastlands haikukubali. Jumamosi yote penalti zilipigwa upya kwenye kila lango la ploti, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa Madagascar, nafasi hiyo walipewa wa chekechea kwa lazima. Kenya ikashinda 11-0, ikashinda 14-0, ikashinda mpaka giza likaingia. Tatizo ni kwamba raba zilikuwa zimeisha katikati ya mwezi, na mikwaju yote ilipigwa kwa viatu vyeusi vya shule.

Jumapili, kwa fundi wa viatu, foleni ilizunguka kibanda. Viatu vilivyofunguka pua vilipangwa chini kwa jozi, kila jozi ikiwa na mama wake.

"Mia na hamsini," fundi akasema.

"Juzi ulishona cha mkubwa wake kwa mia."

"Juzi, mama, tulikuwa hatujatolewa."

Mama akaitazama foleni nyuma yake, akatoa mia na hamsini, akaomba amwekee na soli ya tairi.