Ukigusa Ukuta Umegusa Nyumba

Nyumba yetu hapa Leicester ni ya zama za Malkia Victoria. Ukiitazama kwa nje unaona tofali refu, kisha kichwa cha tofali, kisha refu tena. Mpango huo ndio unaokwambia kuwa ukuta ni mmoja, mzito, wa sentimita 22 hivi, usio na uwazi katikati. Nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa baadaye zina kuta mbili zilizoachiwa nafasi, na fundi huijaza nafasi hiyo kihami joto kwa kutoboa matundu madogo tu. Ukuta wetu haujazwi. Hauna budi kuvikwa.

Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga tukampa chumba cha nyuma. Haikupita muda akaniita: "Mwanangu, hebu njoo uone. Ukuta huu unatoka jasho." Nyuma ya kabati kuvu nyeusi ilikuwa imetambaa mpaka kwenye kanga zake. Mvuke wa pumzi na wa jikoni ulikuwa ukikutana na ukuta baridi na kugeuka maji. Mume wangu, Baba Zuhura, akasema mama yake hawezi kulala vile.

Tukaleta kampuni ivike ukuta wa nyuma na wa ubavuni. Wa mbele tukauacha, maana matofali yale ndiyo sura ya mtaa mzima. Wakabandika vipande vya pamba ya mawe vya sentimita 10, wakavikaza, wakatandaza wavu na kupiga lipu. Ukuta kama wetu hupoteza takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Kazi ikifanywa sawasawa, hushuka hadi 0.3. Hiyo si tofauti ndogo kwa mtu anayelipa bili ya gesi.

Mvua za vuli zilipoanza, doa likatokea chini ya dirisha la Mama. Tukampigia mkandarasi, simu ikaita mpaka ikakatika, leo na kesho. Fundi mwingine akaja, akakata kipande cha lipu, akachomoa pamba na kuikamua. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Akatuonyesha kizingiti cha zamani cha dirisha. Kilijengwa kitokeze nje ya tofali, na chini yake kina mfereji mwembamba unaolazimisha tone la mvua lianguke mbali na ukuta. Ukuta uliponenepa kwa sentimita 10, kizingiti kikamezwa. Wale wa kwanza walikuwa wamegandisha ukanda wa plastiki kwa silikoni. Silikoni ikapasuka pembeni, maji yakapata njia. Tena walikuwa wameziba matofali yenye matundu yanayopitisha hewa chini ya sakafu ya mbao, nazo mbao zilikwisha kuanza kunuka unyevu.

Ikabidi kubomoa sehemu hiyo, kuuacha ukuta ukauke, kuweka kizingiti kipya cha alumini kinachotokeza vya kutosha, kuvika na kingo za ndani ya dirisha, kisha kuzibua matundu kwa mabomba mafupi. Sasa chumba cha Mama ni kikavu, na hita haiwaki usiku kucha.

Maumivu haya si yetu peke yetu. Oktoba 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilieleza kwamba, kwa makadirio, asilimia 98 ya nyumba zilizovikwa kuta kwa nje chini ya mipango miwili ya serikali zina kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa. Kuvika ukuta ni jambo jema, nami ningelifanya tena. Lakini mwenye nyumba ya aina hii asianze na bei wala rangi ya lipu. Amuulize fundi mvua itaangukia wapi na sakafu itapumulia wapi, na amtake amchoree pembe za dirisha kwenye karatasi kabla jukwaa halijasimamishwa. Asiyeweza kuzichora, asipewe kazi.