Waraka kwa Mheshimiwa Aliyetuahidi Matumbawe

Mheshimiwa,

Mimi mkazi wa kawaida wa Kisumu naomba unipe dakika chache za muda wako. Najua ni muda adimu, kwani hata sisi tunaoulipia hatujabahatika kuupata.

Sina shaka unaikumbuka hotuba yako juu ya visiwa vya ziwa letu. Ulisema wageni wanaotupita angani kwenda Maldivi, Ushelisheli na Zanzibar kuzamia na mitungi ya hewa mgongoni, sasa watashukia Kisumu, wapande boti hadi Takawiri na Mfangano, na huko chini wakaone matumbawe. Tulipiga makofi. Wavuvi walipiga zaidi yetu, maana walidhani matumbawe ndiyo vile vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki ulivyowaahidi katika hotuba iliyotangulia.

Kwa unyenyekevu naomba kukukumbusha jambo ambalo bila shaka washauri wako walikwisha kulitaja: matumbawe ni wanyama wa bahari, na hutaka maji yenye joto, chumvi na mwanga. Joto tunalo. Chumvi hatuna, na kwa hilo ofisi yako haina lawama. Wenzetu wa Pwani wana hifadhi za Malindi na Watamu tangu mwaka 1968, na Kisite kule mbele ya Shimoni, na hata wao walipoteza sehemu kubwa ya matumbawe bahari ilipopata joto kupita kiasi mwaka 1998. Wao wamehangaika zaidi ya miaka 50 kulinda walichojaliwa na Mola. Wewe umejitolea kukiumba upya, tena ndani ya muhula mmoja.

Nisije nikadhaniwa nakubeza, Mheshimiwa. Kuzamia katika maji baridi si ndoto. Ziwa Malawi halina chumvi wala matumbawe, ila watu hutoka mbali kuzamia Cape Maclear kwa ajili ya samaki wadogo wa majabalini waitwao mbuna, wa buluu na wa manjano, wanaoogelea katika maji maangavu. Hifadhi yao ilitangazwa mwaka 1980, na UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1984. Mbuna hao ni ndugu wa fulu wetu. Fulu, Mheshimiwa, ni wale samaki ambao bibi zetu waliwaanika juani, na ambao leo mtoto wa ufuo wetu wa Dunga huenda asiwatambue.

Hapa naomba subira yako. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za fulu. Wapo waliokula konokono, wapo waliokwangua mwani kwenye mawe, na wapo walioishi kwa kunyang'anya mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa wenzao. Dume akitaka kuoa hujipamba kwa nyekundu au buluu, na jike humchagua kwa rangi hiyo. Kisha katika miaka ya 1950 na 1960 wakubwa wa enzi hizo, nao wakiwa na hotuba nzuri kama zako, walimtia mbuta ziwani ili tupate samaki mkubwa wa biashara. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa ametanda kote, na aina zipatazo 200 za fulu zinadhaniwa kuwa zimetoweka. Waliosalia wakakutana na tope. Mwaka 1997 watafiti walieleza kwamba maji yakichafuka jike hawezi tena kupambanua rangi za madume, basi aina zikachanganyika na kufifia. Kwa hiyo rangi ulizotuahidi kutoka ng'ambo zilikuwa hapahapa. Zilizimika, na kila ofisi iliyopita, kama yako, ilikuwa na mpango kabambe wa ziwa.

Kuhusu uangavu wa maji, nitasema kwa ufupi kwa sababu hata ziwa lenyewe halifichi. Katika Ghuba ya Winam sahani nyeupe ya kupimia uangavu mara nyingi hupotea machoni kabla haijafika mita moja. Mto Nyando hutuletea udongo wa mashamba, mji huongeza maji taka, na gugu maji, ambalo limetusumbua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hukamilisha mengineyo. Nakupongeza kwa utepe uliokata siku ya kuzindua mashine ya kulivuna. Ulikuwa utepe mzuri. Gugu liliizunguka mashine ile kwa heshima, na hadi leo halijaiudhi.

Hotuba yako, kwa sababu ya uhaba wa muda, haikugusa mwinuko. Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na wazamiaji huanza kubadilisha mahesabu yao kuanzia mita 300. Mtu akitoka kilindini akapanda juu haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake hufura mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Ndiyo maana huambiwa asubiri saa nyingi kabla ya kupanda ndege. Sasa mgeni wako akizamia asubuhi, halafu mchana akapanda matatu ya Nairobi inayopita Kericho, zaidi ya mita 2,000, sijui ni nani atakayempokea. Naamini ofisi yako imekwisha kumteua mtu, labda jamaa.

Isidhaniwe kwamba hatuna wazamiaji. Tunao. Ni vijana wa ufuoni wanaoitwa kila mtumbwi unapopinduka, wakazama mara nyingi bila mtungi, wakipapasa kwa mikono mahali ambapo macho hayana kazi, hadi wampate marehemu. Ulipofika kwenye msiba mmojawapo uliwaahidi mitungi, miwani na mafunzo. Nakukumbusha hili kwa kuwa ni ahadi pekee katika zote ambayo haihitaji chumvi.

Ili tusikuchoshe kwa maandishi, wakazi wa ufuoni tunakualika uje uzindue utalii wa kuzamia kwa kuzama mwenyewe, pale Dunga, siku yoyote utakayopenda. Boti tutakodi sisi. Kiboko tutajitahidi kumwelekeza kwingine. Na kwa kuwa konokono wa kichocho hawatambui vyeo, dawa utakayomeza baadaye tumekwisha kuichangia.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Ufuoni, Kisumu