Bahari ya Karibu Ndiyo Ghali

Kiwalani ni jirani wa uwanja wa ndege, na ujirani huo una kishawishi chake. Ndege zinapita juu ya mabati zikishusha watu waliokatiza mabara kuja kuiona bahari ya kwetu. Mtu amesimama kituoni Bombom anaangalia juu, anapiga hesabu: hawa wametoka Amsterdam, mimi naifikia bahari hiyo hiyo kwa daladala mbili. Basi jioni hiyo hiyo anatangaza safari ya ufukweni, ya hela kidogo, mahali patulivu, Jumapili ijayo. Jumatatu yake anakopa nauli ya kwenda kazini. Wanaomcheka husema hakupanga bajeti. Mimi naona alipanga vizuri tu, ila aliipangia bahari isiyofaa. Ukitaka ufukwe mtulivu na mfuko wako ni mwepesi, nenda mbali. Bahari ya karibu ni anasa.

Najua inavyosikika, kwa hiyo tuanze na nauli, maana ndiyo inayotisha watu bure. Nauli ya basi la mkoani haipangwi na konda, ingawa konda huitamka kana kwamba aliipanga yeye. Inapangwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, tena kwa kilometa. Viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023 vilimwekea abiria wa daraja la kawaida kikomo cha shilingi 48.47 kwa kila kilometa moja. Chukua Kilwa Masoko, kilometa kama 300 kusini mwa Dar es Salaam, uzidishe: ni elfu kumi na nne na nusu hivi. Sasa rudi kwenye bahari ya karibu: tuseme umeshuka kituoni Kigamboni, na ufukwe uko kilometa tatu ndani, kwenye njia ya mchanga. Boda anaangalia viatu vyako, anaangalia taulo lililo begani, anasema elfu tatu. Hiyo ni shilingi elfu moja kwa kilometa, mara ishirini ya bei ya basi, na kiti chenyewe hukipati peke yako kwa sababu mmepanda mshikaki na shemeji. Boda wa watu si mwizi. Bei yake haijaandikwa popote, na wewe umeshuka umevaa kaptura.

Tofauti iko hapo. Safari ya mbali ina kipande kirefu chenye bei inayojulikana, halafu vipande vichache vya kupatana. Safari ya karibu ni ya kupatana mwanzo hadi mwisho: boda, kiingilio, maegesho, kiti cha plastiki, mwavuli, maji ya kujisuuza chumvi, chipsi. Kiingilio ndicho kinachonifurahisha zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Msomaji wa sheria hiyo akisimama getini na tiketi mkononi hupata muda mzuri wa kutafakari. Anatulizwa kwamba kiingilio kinarudi kwa kinywaji, na kweli kinarudi, kwa soda iliyopandishwa bei mpaka ikalingana nacho. Hata kuvuka maji kwenda Kigamboni kuna historia yake. Mwaka 2012 nauli ya pantoni la Magogoni ilipotoka shilingi 100 kwenda 200, John Magufuli, waziri wa ujenzi wakati ule, aliwaambia wasioweza kulipa wapige mbizi. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini kwa macho ya bajeti tu, mbizi ndio usafiri pekee wa Kigamboni ambao haujawahi kupanda bei.

Kuna wanaojibu kwamba dawa ya gharama ni wingi: mkiwa wengi, mzigo unagawanyika. Kwenye karatasi ni kweli. Tatizo ni kwamba ukaribu hauleti wingi wa walipaji, unaleta wingi wa walaji. Tangaza safari ya Kigamboni kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, saa moja haiishi umepata kamati kamili: mwenyekiti, mweka hazina, na shangazi wa chakula ambaye hakuna aliyemteua na hakuna atakayethubutu kumwondoa. Mchango elfu ishirini. Ishirini na wawili wanaandika "nipo", tisa wanatuma, na kati ya hao tisa watano hawajaweka ya kutolea. Siku yenyewe wanakuja ishirini na sita, kwa kuwa watoto hawahesabiwi na mgeni wa Morogoro hawezi kuachwa nyumbani peke yake. Na kwa kuwa ni karibu, kila kitu kinabebwa: hotipoti la pilau, mkeka, spika ya kuchaji, sufuria tupu ambalo mwenyewe atajua la nini, na deli la barafu. Deli ndilo abiria mkorofi kuliko wote. Chini haliwezi kukaa kwa kuwa watu wamesimama, kupakatwa haliwezi kwa kuwa ni kubwa, na konda akilikuta limekaa kitini analidai nauli. Ubishi unaanza Tazara, unafika Kurasini haujapata mshindi, na wakati wote huo deli linavuja taratibu kwenye viatu vya mzee aliyevaa kwenda kanisani.

Sasa tangaza safari ya Kilwa, saa tano au sita kwenye kiti, uone kimya kitakachoingia kwenye kundi. Mgeni wa Morogoro anakumbuka kwamba ana kikao. Shangazi anauliza kama kule umeme upo, hangoji jibu. Pilau ya alfajiri haiwezi kufika Nangurukuru ikiwa salama, hivyo hotipoti linabaki kabatini. Umbali ni chujio: wanaobaki ni wawili au watatu wanaoitaka bahari yenyewe, na kila mmoja anajilipia kwa sababu hakuna kamati ya kumlipia. Utulivu ambao watu wanautafuta kwa kuchagua mahali huwa umeshapatikana hapo, kabla basi halijaondoka Mbagala.

Halafu kuna bahari yenyewe, ambayo ina ratiba yake, na ratiba hiyo haimjali mtu wa Jumapili. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wakati wa bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha yanajaa mnamo saa kumi alasiri, na kati ya kupwa na kujaa kuna tofauti ya mita tatu na zaidi. Mwenda ufukweni wa kutwa anatoka Kiwalani saa mbili, anapambana na foleni, na boda, na geti, anafika saa nne na nusu. Bahari haipo. Kuna mwani, mashimo ya kaa, ngalawa zilizolala ubavu, na mbali kabisa mstari mweupe ambao mtoto anauliza kama ndio ziwa. Wanakula pilau. Wanapiga picha na ngalawa. Saa kumi bahari inarudi nzuri kuliko kwenye kalenda, na saa kumi hiyo hiyo mwenyekiti anapiga kelele watu wakusanye vitu kabla foleni haijafunga. Mvuvi yeyote wa Mjimwema angewaambia hayo bure wiki moja kabla, ila kamati haikuwa na kipengele cha kumuuliza mvuvi. Mwenye siku moja tu aangalie mwezi: ukiwa nusu, wakati wa maji mafu, asubuhi hiyo hukuta maji yako juu. Aliyelala siku tatu hahitaji kuangalia chochote. Bahari ikiondoka asubuhi, anarudi kulala.

Na hapo ndipo penye pingamizi zito: kulala. Safari ya kutwa haina kitanda cha kulipia, ya Kilwa inacho, na watu wakisikia kitanda na bahari katika sentensi moja wanaona hoteli yenye makuti na bei ya dola. Hoja ni ya kweli kwa anayetaka kuamkia kwenye mchanga. Lakini mji mdogo wa pwani huwa na miji miwili ndani yake. Mmoja ni wa wageni, uko ufukweni. Mwingine uko karibu na soko na stendi, una gesti zenye feni, chandarua na ndoo ya maji, na bei zake zimepangwa na wateja wa kila wiki: ofisa aliyekuja semina na posho anayotaka ibaki, mnunuzi wa ufuta, dereva wa lori. Hao ni watu wasiolipia upuuzi, na ukilala walikolala wao unarithi ubishi wao wote bila kubishana. Chumba cha elfu ishirini mkigawana wawili ni elfu kumi kila mmoja kwa usiku, pungufu ya mchango wa ile Jumapili. Pale Masoko, kutoka sokoni hadi ufukwe wa Jimbizi ni mwendo wa miguu, kwa hiyo na boda naye anakosa kazi. Asubuhi mama lishe ana chapati na supu ya samaki kwa bei anayomuuzia mvuvi, kwa sababu wengi wa wateja wake ni wavuvi.

Msafiri maarufu kuliko wote aliyefika Kilwa alielewa mambo haya kupita kiasi. Ibn Battuta alitua mwaka 1331, na kwa jinsi alivyosimulia, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa mkarimu hata fukara mmoja alipomwomba nguo alizovaa, alikwenda kubadilisha akampa. Sishauri mtu apange bajeti kwa mtindo huo. Gesti za leo zinashikilia kitambulisho chako kwa ajili ya taulo. Lakini magofu ya mji wa sultani huyo yapo ng'ambo, Kilwa Kisiwani, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na unavuka kwa boti baada ya kukata kibali. Boti ni ya kupatana, na hapa naikubali hoja ya wingi: watatu wanavuka kwa nafuu kuliko mmoja. Watatu, sio ishirini na sita.

Nisijifanye kwamba mbali hakuna majanga. Zamani hoja yangu isingesimama hata dakika. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na masika yakikolea, abiria wa kusini alikaa njiani mpaka akajuana na wenyeji kwa majina. Na hata baada ya daraja, Mei 2024, wiki ya kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara hiyo pale Somanga, na mwenye tiketi ya Kilwa akabaki na tiketi. Kwa hiyo masika usiende. Kusi ikiwa imetulia, au kaskazi ya Januari na Februari, barabara inapitika na bahari inaogeka. Anayeniambia kwamba hata Kigamboni mvua hunyesha ananisaidia, hanipingi.

Linabaki suala la muda, na hapo ndipo watu wengi wanaponiona nimekosa adabu. Nani ana siku tatu? Aliyeajiriwa anazo: sheria ya ajira inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, ingawa kwa desturi zinakwenda kwenye misiba, kwenye kiwanja cha Chanika na kwenye kumsubiri fundi. Na fundi mwenyewe, ambaye hana likizo ya mtu, ana kitu bora zaidi: anaweza kuondoka Jumanne. Jumanne gesti zina nafasi, mwenye boti hana foleni ya wateja, na neno "wikiendi" halipo kwenye bei. Wanaoweza kusafiri siku ambayo kila mtu yuko kazini ni wale wale tunaowahurumia kwa kukosa ajira rasmi. Mwenye Jumapili tu, na hana njia nyingine, simkatazi Kigamboni. Aende, ila aiite sherehe ya ukoo, aitengee fedha za sherehe, asije akaniambia alikwenda kupumzika kwa bei nafuu.

Kitu kinachonipa wasiwasi ni kwamba umbali wenyewe unapungua. Bagamoyo, kilometa 70 hivi kutoka mjini, ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891, kisha ikaachwa ipumzike kwa miongo mingi. Tangu lami ilipofika, Jumapili yake imeshaanza kufanana na ya Kigamboni, na usipokuwa macho bajaji wa pale atakupeleka kwenye magofu ya Kaole kwa bei ya msafara wa pembe za ndovu. Pangani bado iko salama. Unapitia Muheza, unaingia ndani, unafika mji uliolala mdomoni mwa mto. Ukitaka Ushongo unavuka kwa kivuko hadi Bweni, na kivuko kina subira yake. Lakini barabara ya pwani ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani hadi Pangani na Tanga inajengwa, pamoja na daraja la kuuvuka huo mto. Wenyeji wameisubiri kwa miaka mingi na watafaidika, sina neno. Anayepaswa kupiga hesabu upya ni mtu wa Kiwalani aliyekuwa anajiambia Pangani atakwenda siku moja, maana kiti cha plastiki cha kwanza cha kukodisha kitakuwa kimeshafika Bweni kabla mkandarasi hajaondoa mitambo.