Ombi la Kuajiri Wapagazi wa Serikali

Kwa Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri zote ambazo ofisi zake ziko juu ya ngazi,

YAH: KUANZISHWA KWA KADA YA WAPAGAZI WA SERIKALI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza niwapongeze kwa majengo. Vigae vinang'aa, vioo vya buluu vinarudisha jua hadi barabarani, na kila ofisi imeinuliwa kwa vipandio vya kutosha kumkumbusha mwananchi kwamba anapanda kwenda kwa wakubwa. Mwenye kiti mwendo hufika chini ya vipandio hivyo, na kabla hajafungua kinywa mlinzi ameshawaita wenzake: "Njooni tumbebe." Mmoja hukamata magurudumu, mwingine makwapa, wa tatu hutoa maelekezo. Mtu mzima, mwenye kadi ya mpiga kura na namba ya mlipakodi, hupandishwa kama gunia la mkaa mbele ya foleni nzima, hutuliwa mapokezi, kisha huarifiwa kwamba afisa anayehusika yuko ghorofa ya pili. Tumezoea mno. Wanaobeba hawaoni aibu tena. Yote wameachiwa wanaobebwa. Basi kwa kuwa huu ndio utaratibu wenu wa kuwahudumia wananchi hao, naomba uwe utaratibu kamili, wenye kasma na muhuri.

Naomba iundwe kada ya Wapagazi wa Serikali, yenye muundo wake wa utumishi: Mpagazi Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, Mwandamizi, na hatimaye Mpagazi Mkuu, ambaye habebi chochote ila anahudhuria semina. Fani hii si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe za ndovu kwa mabega kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifika Bagamoyo hiyo hiyo ukiwa umebebwa zaidi ya kilometa 1,000. Haikusikika kwamba alilalamika njiani, lakini yeye alikuwa maiti, na hiyo ndiyo hali ambayo utaratibu wenu unamfaa mtu kikamilifu. Vifaa navyo vinajulikana: machila, ambayo mkoloni aliipanda akiwa na miguu yake miwili mizima, ipakwe rangi upya na kuwekewa nembo ya halmashauri. Sare iwe ya kaki, yenye pedi mabegani. Mapokezi pawekwe mizani, na kila anayezidi kilo 70 alipiwe posho ya uzito. Kiwepo kitabu cha safari chenye safu za jina la mzigo, alikotolewa, anakopelekwa, saa ya kuondoka na sahihi ya aliyebebwa, ili mkaguzi akija asikute hoja. Posho ya kuteremsha iwe kando na ya kupandisha, maana ilivyo sasa mtu akishafikishwa juu wabebaji hutawanyika, na ikigonga saa 9:30 alasiri hajulikani ni jukumu la nani kumrudisha ardhini.

Wawepo pia wapagazi wa kike. Hapa sifanyi mzaha. Mwanamke hushikwa mapaja na wanaume asiowajua, gauni likipanda, watu wakitazama, ndani ya ofisi ya serikali, kwa sababu alihitaji muhuri. Mnaliona kila wiki kutoka madirishani, na mnarudi kwenye kikao. Nani kati yenu angevumilia afanyiwe hivyo mama yake? Samahani, waheshimiwa. Turudi kwenye posho.

Mtasema fungu hakuna. Tupige hesabu, basi. Tuchukue jengo lenye vipandio vinne vya sentimeta 15 kila kimoja: kimo ni sentimeta 60. Kipimo cha mteremko wa kiti mwendo kinachofuatwa sehemu nyingi duniani ni mwinuko wa 1 kwa urefu wa 12, kwa hiyo mteremko unaohitajika pale ni wa mita 7.2, pamoja na vyuma vya kushikia kila upande. Hiyo ni kokoto, mchanga, saruji na mafundi wa siku chache. Ukichorwa kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa, gharama yake inapotea ndani ya gharama ya jengo, pengine isifikie ya vigae vya ukumbi. Sasa linganisheni na wapagazi wanne kwa kila jengo: mishahara, bima, likizo, uhamisho, kiinua mgongo. Mhasibu yeyote atawaambia mjenge mteremko. Sababu ya kutousikia ushauri huo ni kwamba kubeba hakuna mahali panapoandikwa kwenye vitabu vyenu. Gharama ipo, tena kila siku, ila inalipwa na mlinzi mwenye mgongo mbovu, na mpita njia aliyeacha shughuli zake, na yule anayebebwa, ambaye hulipa kwa kitu kisichotolewa risiti. Ndiyo maana nasisitiza kada hii ianzishwe. Siku wapagazi watakapodai malimbikizo, mtaipata saruji ndani ya wiki.

Na msitupe mzigo kwa wakandarasi, kwani vibali vya ujenzi vinatoka kwenu. Mchoro usio na shimo la maji taka unarudishwa kwa mwenyewe. Mchoro usio na njia ya kiti mwendo unagongwa muhuri na ada inapokelewa. Hata mteremko ukijengwa, mara nyingi ni wa kuonyesha wakaguzi: umesimama wima kiasi kwamba anayeteremka nao anahitaji breki na dua, juu yake pamepangwa vyungu vya maua, na unaishia kwenye mlango wa sentimeta 60 ambao kiti hakipiti. Choo chenye alama ya ulemavu kinatunza ndoo na mifagio, na mwenye ufunguo yuko likizo.

Sheria ipo. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2006, Tanzania ikauridhia 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Watoto waliozaliwa mwaka huo wako sekondari, na baadhi yao wamekosa masomo ya maabara kwa sababu maabara iko juu. Majirani zetu wa Kenya waliiweka haki ya kufika mahali pote katika Ibara ya 54 ya Katiba yao ya 2010, na huko nako zipo ngazi ambazo hazijapata nafasi ya kuisoma. Uwezo tunao, asije mtu kusingizia umaskini. Mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalipoanza, vituo vilijengwa sakafu yake ikilingana na sakafu ya basi, mtu akiingia bila kupanda kidato. Msongamano wa ndani ni barua nyingine.

Wapo watakaosema watu hawa ni wachache, hawaonekani ofisini. Wataonekanaje, na mlango ndio unaowachuja? Hesabuni pia mjamzito, mzee mwenye magoti, na kijana aliyevunjwa mguu na bodaboda mwezi uliopita. Wengine husema jengo ni la zamani, halifai kuguswa, wakati ukuta wake umetobolewa kila chumba kupitisha bomba la kiyoyozi. Ila hoja ninayoiheshimu ni ya wanaosema sisi ni watu wenye utu, tunasaidiana, na ikibidi afisa atashuka kumhudumia mtu nje. Utu huo ni wa kweli, na wanaobeba wengi hawabebi kwa ubaya. Lakini msaada unaolazimika kuuomba kila unapofika, kwa yeyote atakayekuwa amesimama pale, unaweza kunyimwa siku yoyote, na huna pa kukata rufaa. Na huko nje chini ya mwembe, mgogoro wa mirathi au shauri la ndoa linasikilizwa na wauza vocha. Asilimia 2 ya mapato yenu ya ndani mmetakiwa kuwakopesha watu wenye ulemavu; dawati la kuombea mkopo huo likiwa ghorofa ya kwanza, mwombaji anaanza kudaiwa shukrani kabla hajapewa senti.

Mengine nayataja kwa haraka. Fomu mnazoweka mtandaoni zisiwe picha za karatasi zilizopigwa kwa simu, maana programu inayomsomea asiyeona haisomi picha. Mkalimani wa lugha ya alama alipwe kwa wakati, na kidirisha chake kwenye televisheni kikue hadi vidole vyake vionekane. Mtihani wa nukta nundu ufike siku ya mtihani. Mashine ya alama za vidole ifundishwe kwamba wapo raia wasio na vidole.

Nimeambatisha mchoro mmoja wa mteremko wenye urefu wa mita 7.2, endapo kada ninayoiomba itaonekana ni ghali. Mhandisi wenu ataufahamu.

Naomba kuwasilisha.

Nakala: Mlinzi, Lango Kuu – kwa utekelezaji, hadi ajira mpya zitakapotangazwa.