Umeme wa Ulaya Una Mbio

Wapo ndugu zetu wa London wanaoapa kwamba umeme wa huko "una nguvu" na "una mbio", si kama huu wetu wa kugawana na mishumaa. Jamani! Dar es Salaam na London zote hutumia volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde, na hata plagi ya pini tatu bapa ni ileile. Wa kwao haukatiki ovyo, kweli. Lakini hayo ni matunzo ya mitambo na nyaya, si fizikia.

Na hizo mbio? Elektroni za ndani ya waya wa birika haziendi popote. Zinatikisika palepale, mbele na nyuma, kama abiria wa daladala iliyokwama foleni. Kinachokimbia ni nishati, kwa kasi isiyo mbali na ya mwanga, iwe Brixton au Buguruni. Mwanasayansi Michael Faraday alipoonyesha mwaka 1831, pale Albemarle Street jijini London, kwamba sumaku ikisogezwa kwenye koili huzaa umeme, hakuuliza mtu viza.

Kwa hiyo, bwana mkubwa, ukija likizo simu ikichelewa kujaa, usiulaumu umeme wetu. Nunua chaja nzima.