Sifa za Laptopu Isiyowaka

Dodoma hakuna anayeshika kipaza sauti bila kushukuru kwanza. Mbunge anashukuru, mkurugenzi anashukuru, hata mwenyekiti wa mtaa anayetangaza mgao wa maji anashukuru. Na mimi basi nianze kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia uhai na afya njema, niishukuru familia yangu kwa uvumilivu wake, halafu, kwa namna ya pekee kabisa, niishukuru laptopu yangu ndogo iliyogoma kuwaka wiki ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za robo ya tatu.

Msomaji wa Tanga au Mwanza huenda asione uzito wa neema hiyo. Aje huku mwezi wa Aprili. Bunge la Bajeti limeanza na litakwenda hadi mwisho wa Juni, nyumba za wageni zimejaa, na bei ya chipsi kuku imepanda bila aibu. Kule Mji wa Serikali, Mtumba, taa za ofisini zinawaka mpaka usiku. Kila mtu anadaiwa karatasi: taarifa ya utekelezaji, bangokitita la shughuli zilizokwama, majibu ya hoja za ukaguzi, maelezo ya ziada kwa ajili ya Waziri ambaye huenda akaulizwa swali la nyongeza. Agizo linatoka juu asubuhi, linashuka ngazi kwa ngazi, kila linapopita linaongezewa neno “haraka”, mpaka linamfikia mtu wa mwisho, asiye na wa kumshushia. Huyo hana la kujibu ila “nimepokea, mkuu”, kisha anafungua laptopu.

Visingizio vingine vyote vina dawa yake. Ukisema unaumwa, unaulizwa cheti cha daktari. Ukisema umefiwa, watachangishana rambirambi, watakuja na gari la ofisi mpaka Kondoa kukupa mkono wa pole, na wakishanawa watakukumbusha kiambatisho namba mbili. Ukisema mtandao unasumbua, utaambiwa upige picha utume WhatsApp. Lakini andika kwenye kundi la idara: “Wakuu, laptopu yangu imegoma kuwaka.” Kimya kinatanda. Kisha zinaanza kumiminika: pole sana, pole mkuu, hizo mashine ndivyo zilivyo. Sijui kauli nyingine katika utumishi wa umma inayosimamisha kazi na papo hapo ikamletea msemaji pole.

Na tazama inavyogoma kwa adabu. Ukibonyeza kitufe, taa ndogo ya pembeni inawaka, feni inazunguka sekunde chache, unaanza kupata matumaini, halafu basi. Kioo cheusi tii, na ndani yake unajiona mwenyewe na ndevu zako ambazo hazijanyolewa. Haikutukani. Haitoi masharti. Simu ikiharibika hutapatapa: inajipigia watu, inajiwasha tochi, inamtumia mama mkwe stika ya moyo. Laptopu iliyogoma ina msimamo. Nimekaa vikaoni na watu wenye shahada tatu ambao hawajawahi kushikilia jambo moja kwa muda mrefu hivyo.

Ukoo wake nao si wa kubezwa. Mwaka 2007 kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitoa Eee PC, kikompyuta chenye kioo cha inchi 7, hifadhi ya GB 4 na uzito usiofika kilo moja. Kampuni nyingine zikaiga, na kwa miaka michache dunia ikajaa laptopu ndogo za bei nafuu zenye chipu ya Atom ya Intel, ambayo wepesi haukuwa miongoni mwa dhambi zake. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa kwenye vilima vya Chimwaga. Sisemi mambo hayo mawili yalipangwa, ila yalifaana: mwanafunzi aliyepanga chumba Ng'ong'ona, mwenye mkopo wa kubana, alihitaji mashine inayoingia kwenye mkoba pamoja na madaftari na maandazi. Baadaye soko la dunia likazitupa, wenye nazo wakahamia kwenye tableti, lakini kwetu zikaendelea kuishi kwa njia ya mtumba, mkono hadi mkono, kila mmiliki akimwachia mwenzake stika moja zaidi na kitufe kimoja pungufu. Yangu haina herufi Q. Kwa kuwa naandika Kiswahili, hilo nalo nimelihesabu kuwa neema.

Ikiwa nzima, laptopu ndogo haina rafiki. Ikigoma tu, kila mtu ni daktari wake. Mlinzi wa getini alisema toa chaja, toa betri, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha urudishe chaja peke yake. Ushauri huo ni wa kweli na mafundi wazuri ndio wanaoanza nao. Kwa kuwa ulitoka kwa mlinzi, hakuna aliyeusikiliza. Mhasibu akataka betri ilazwe kwenye friji. Binamu akashauri tuizike kwenye mchele, ingawa haikuwa imelowa, na Dodoma kitu kulowa ni bahati: mvua tunayo ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na hata hiyo huja kwa kusitasita. Shangazi aliyekuja kutoka Mpwapwa hakuuliza ugonjwa. Aliuliza nani alikuwepo siku nilipoinunua.

Nani mwingine nyumbani kwangu anaweza kuwakalisha meza moja mlinzi, mhasibu na shangazi, wakabishana saa nzima bila kutaja siasa wala Yanga?

Kisha inalisha watu. Jirani na Soko la Majengo, kwenye kibaraza cha maduka, kuna fundi kijana mwenye meza ndogo na zana za kuhesabika: bisibisi ya sumaku, mita, mswaki uliochoka, kifutio cha penseli, tochi. Hakuniuliza maswali. Alipima chaja kwanza. “Kumi na tisa inatoka, bosi. Chaja nzima.” Akazima taa ya meza, akamulika kioo kwa pembeni na kuchungulia kwa jicho moja: kungekuwa na picha hafifu nyuma ya giza, kosa lingekuwa la taa ya kioo, na mashine yenyewe haina neno. Hapakuwa na picha. Akaichomeka kwenye kioo kingine cha nje. Nako giza. Hapo ndipo akaigeuza na kuanza kufungua skrubu, akizipanga kwenye kifuniko cha soda kwa mpangilio alioujua mwenyewe.

Feni ilikuwa imevaa Dodoma. Lile vumbi jekundu linalovuma kiangazi chote lilikuwa limeshikana likawa kitambaa, na alipolivuta kwa kibano lilitoka zima, kama soksi ya mtoto. Akaliweka pembeni bila kucheka. Akachomoa memori, akasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio, taratibu, upande huu na upande ule, akapuliza, akairudisha mpaka ikalia tik. Akabonyeza kitufe. Mashine ikatoa milio mifupi, ikanyamaza, ikarudia.

“Inaongea,” akasema. Milio hiyo ina maana. Kila kiwanda kina hesabu yake, na fundi akiijua husikia kiungo kinachouma: memori, kioo, au mazabodi, jina ambalo mafundi hulitaja kwa sauti ya chini mbele ya mteja. Yangu ilikuwa bubu ilipofika pale. Sasa inalia, na yeye akaona nafuu. Akanitazama kama mtu anayetaka kunipa habari mbaya. “Iache hapa, bosi. Njoo kesho jioni.”

Nilijizuia kumkumbatia.

Wapo watakaosema kifaa kisichowaka ni mkweche tu. Hao wamesahau wanaishi wapi. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na kazi ikapangiwa miaka kumi. Kitufe kikabonyezwa. Taa ndogo ikawaka, feni ikazunguka, ramani zikachorwa, kioo kikabaki cheusi, na wizara zikabaki Dar es Salaam zikipunga upepo wa bahari. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa Serikali inahama kweli. 2017 CDA ikavunjwa. Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Zaidi ya miaka arobaini tangu kubonyeza mpaka picha kutokea! Na muda wote huo hapakukosekana wazee wa Kigogo waliokaa kivulini, wakifuga na kulima mtama, bila kumpigia fundi simu. Mashine yangu kwa siku chache tu imeshatukanwa.

Serikali yenyewe iliwahi kuona mbali. Kompyuta ya kwanza nchini iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, hesabu zikiwa zimevurugika vya kutosha, ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wazee wetu hawakusubiri mashine iwagomee. Waliigomea wao kwanza. Marufuku ile ililegezwa baadaye, na matokeo yake ndiyo haya, mtu mzima anaandika kiambatisho namba mbili saa tano za usiku.

Upo pia upande wa usalama, ambao siku hizi tunahimizwa kwenye kila semina, pamoja na chai na sambusa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami sijaona anayeitii kama laptopu yangu. Haivuji. Haiingiliwi na kirusi. Watoto hawaichezei katuni, jirani haiazimi kuchapa barua ya harusi, mwizi akiibonyeza mara moja anairudisha mezani. Hata mimi mwenye taarifa hainionyeshi.

Kwa hiyo mtaielewa hali yangu Alhamisi usiku, fundi aliponipigia simu kwa furaha.

“Bosi, imewaka!”

“Na mafaili?” nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwishajiandaa kupokea msiba.

“Yote yapo. Hata ile taarifa ya robo iko hapa, umeishia ukurasa wa pili.”

Nikamsifu sana, kama alivyostahili. Nikamwuliza kama feni ameiangalia vizuri. Akasema inazunguka safi. Nikamwuliza kuhusu ile betri ndogo ya duara inayotunza saa. Akasema nayo ameshaibadilisha, tena bila malipo, kwa kuwa mimi ni mteja wake. Nikamwambia kazi nzuri haitaki papara. Akae nayo mpaka Jumatatu, awe anaiwasha na kuizima, ahakikishe haitarudia, na kama kuna gharama ya kuilaza pale nitaitoa mimi.